Muulize anatumia nini: kwa mwenye mgonjwa wa unga, pombe au vidonge nyumbani

Mie ni mzaliwa wa Wete, ila huu ni mwaka wa 19 naishi Jang'ombe, Unguja. Kazi yangu ni kupika: asubuhi chapati na maharage ya nazi, jioni urojo. Udaktari sikusomea. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa watu wawili wa damu yangu, ami yangu aliyekuwa akinywa na mdogo wangu aliyekuwa akivuta unga, yaani heroini, na kwa manesi na washauri ambao wameyavumilia maswali yangu kwa miaka. Ami yangu amefariki. Mdogo wangu yu hai, na leo asubuhi nimemtilia chai kwa mkono wangu.

Wote wawili tuliwafanyia jambo moja: tuliwafungia ndani ili waache. Mmoja lilimuua. Mwengine lilikaribia kumuua, tena kwa njia nyengine kabisa, kwa sababu pombe na unga haviushiki mwili kwa namna moja, na sisi hatukulijua hilo. Tulikuwa tukiuliza "kwa nini?" Kwa nini unatuaibisha, kwa nini wewe na skuli umesoma, nani kakuroga. Miezi ilipita kwa maswali hayo. Swali la kuanzia ni "nini?"

Maswali manne na karatasi

Chagua saa. Mtu wa unga ana nyakati mbili ambazo humuulizi kitu ukapata jibu. Akiwa na stimu, yaani unga umempanda, anasinzia hata amesimama. Akiwa na arosto, yaani anaumwa kwa kuukosa, atakwambia lolote unalotaka kulisikia, maadamu umpe pesa. Katikati kuna saa chache ambapo ni yule yule mtu wako. Kwa mdogo wangu ilikuwa baada ya Alasiri. Nilikaa naye barazani na chai na mkate wa kumimina, nikamwambia sipigi kelele, na usiku ule Mama hasikii neno kutoka kwangu. Nikamuuliza: unatumia nini, mara ya mwisho saa ngapi, unavuta au unajidunga, na unachanganya na nini. Nikaandika nyuma ya risiti ya umeme. Siku tulipofika kwa daktari, alisoma risiti ile kabla hajamtazama mgonjwa.

Swali la nne usiliruke. Miaka 2 mdogo wangu alituambia anavuta bangi tu, na bangi kweli ilikuwamo. Alikuwa akivuta kokteli, msokoto wa bangi uliotiwa unga. Tungejua mapema kama tungekuwa na macho. Aliyezoea bangi akiikatisha ghafla huwa mkali, hukosa usingizi, chakula hakimpandi siku kadhaa, basi. Mdogo wangu akikosa asubuhi moja tu alikuwa akipiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka, vinyweleo vimesimama mwili mzima, tumbo linamwendesha. Mama akimnunulia dawa ya mafua.

Unga

Unga ni heroini. Umeingia Visiwani tangu miaka ya 1980. Mdogo wangu aliukuta alipokuwa papasi pale Forodhani, akitembeza wageni na kulala saa ambazo wengine wanaamka kusali.

Mshauri mmoja alinieleza namna unavyofanya kazi, na mie nimezoea kuieleza kwa lugha ya jikoni. Mwili wenyewe una kitu unachokitengeneza cha kutuliza maumivu na kuleta raha. Unga hukaa mahali pale pale pa kitu hicho, kwa nguvu kubwa zaidi. Sasa chukua nyumba inayoletewa chakula kutoka nje kila siku. Jiko litazimwa, kuni hazitakatwa, mpishi ataondoka. Siku chakula kisipoletwa, watu watalala njaa kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa ikipika yenyewe. Hiyo ndiyo arosto. Na kabla ya kufika huko huja usugu: kete moja, kipakiti kimoja cha unga, ya mwanzo hufanya kazi, baadaye mbili, baadaye anatumia ili asiumwe tu, raha hakuna tena. Ukimwona kauza koki ya bomba la maji la nyumbani kwenu, jua yuko hapo. Hatafuti starehe saa hiyo, anaukimbia ugonjwa.

Arosto ya unga huanza saa 6 hadi 12 baada ya mara ya mwisho. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya kuliko zote: mifupa inauma, jasho na baridi kwa pamoja, kutapika, kuhara, usingizi hakuna. Baada ya kiasi cha wiki mwili hutulia, ingawa hamu na kukosa usingizi huweza kubaki miezi. Mtu aliyekuwa na afya yake kwa kawaida hafi kwa arosto ya unga, lakini kutapika na kuhara humkausha maji, na hilo linaua. Kama mko mbali na kituo, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitali, mpe madafu na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi. Weka ndoo karibu na mashuka ya kubadilisha. Mlango usiufunge kwa kufuli. Akishindwa kuweka tumboni hata maji, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Mwanamke mwenye mimba anayetumia unga asikatishwe ghafla nyumbani, anaweza kuipoteza mimba. Huyu aende kwa daktari moja kwa moja. Nalisema waziwazi kwa sababu wanawake wanaotumia wapo mitaani kwetu, na familia huwaficha zaidi kuliko wanaume, mpaka wakati unapita.

Kama anajidunga, apimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 uliwakuta na virusi vya ukimwi kiasi cha watu 16 katika kila 100 wanaojidunga, wakati kwa watu wote wa Zanzibar hawakufika hata 1 katika 100. Bomba la sindano la kuchangia ndilo lililoleta tofauti hiyo.

Hatari iko baada ya kuacha

Hapa naomba usome polepole.

Tulipomfungia mdogo wangu, arosto ilipita. Tukashukuru, tukampeleka Pemba kwenye shamba letu la karafuu, akakaa miezi 3. Akanenepa, akasali jamaa, Mama akamshonea kanzu mpya. Wiki ya kwanza aliporudi Unguja alitumia kipimo kile kile alichokiacha. Mwili ulikuwa umeshapoteza usugu wake. Tulimkuta kwenye choo cha jirani, midomo imekuwa rangi ya wino.

Ndivyo inavyokuwa kwa anayetoka jela, anayetoka nyumba ya nafuu, na kwa aliyejizuia Ramadhani nzima akarudi sikukuu mosi. Mwambie mtu wako jambo hili kwa mdomo wako, hata kama unaona aibu, hata kama unaona kama unampa ruhusa. Humpi ruhusa. Unamwambia kitakachomuua.

Aliyezidiwa na unga utamjua hivi: mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapumua kwa nadra sana au anakoroma mkoromo mzito wa ajabu, midomo na kucha zinageuka buluu, ukimwita haitiki. Usimwache "amalize usingizi". Wengi wamekufa watu wakiwasikia wanakoroma. Mtikise, mwite jina kwa sauti, msugue kwa nguvu mfupa wa kifuani. Asipoamka, tafuta gari, na huku unatafuta mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni mara moja kila baada ya sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Sisi tulimmiminia maziwa mdomoni, kwa kuwa kila mtu barazani alisema maziwa yanaua sumu. Maziwa nusura yamzibe pumzi. Usimpe kitu cha kunywa mtu asiyejitambua. Ukifika hospitali sema ukweli kuwa ametumia unga, kwani ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi kwa dakika chache, na daktari hawezi kuitoa kwa mgonjwa mliyesema ameanguka tu. Akizinduka asitoroke, maana naloksoni huisha nguvu mapema na unga ukabaki, akazama tena.

Pombe, na vidonge

Kwa pombe mambo yamegeuka. Hapa kuacha ghafla ndiko kunakoua.

Ami yangu alikuwa akinywa tembo la mnazi tangu ujana wake, na mwisho gongo, kimya kimya, mtu wa stara, hakuwahi kumtukana mtu. Ilipokaribia Ramadhani wanaume wa ukoo wakakubaliana: afungiwe chumba cha uani mpaka mwezi uandame, aingie kwenye funga akiwa safi. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka na jasho likamtoka. Usiku wa pili alipata kifafa. Usiku wa tatu alikuwa akiona siafu wakipanda ukutani, akizungumza na babu yetu aliyekwisha kufa. Tukasema ni shetani. Likaandikwa kombe, akanyweshwa, akasomewa. Alfajiri alifariki. Aliyekisoma kisomo kile namheshimu, na dua sisi tunaiomba hadi leo. Lakini yale yalikuwa ni pombe ikitoka mwilini kwa mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka, na hospitali wanayo dawa ya kuyazuia.

Pombe huutuliza ubongo, na ubongo nao hujikaza kila siku ili ubaki macho. Ukiiondoa pombe kwa mkupuo, kule kujikaza kunabaki peke yake, kama kamba iliyovutwa na watu wawili mmoja akaiachia. Kifafa huweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo siku ya 2 hadi ya 4. Kwa hiyo anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo, asiache nyumbani. Aachishwe na daktari.

Vidonge vya usingizi aina ya valiamu ni hivyo hivyo: aliyevizoea hupunguziwa taratibu kwa wiki nyingi, akikatishwa ghafla naye huweza kupata kifafa. Na vidonge hivi pamoja na unga, au unga pamoja na pombe, vyote vinavuta pumzi upande mmoja, chini. Ndiyo maana ile karatasi ina swali la nne. Gongo nalo lina hatari yake ya pekee, kwani huweza kuwa na methanoli, na mtu akisema macho yana ukungu baada ya kunywa, akimbizwe hospitali asije akapofuka.

Bangi, mirungi

Nitapita haraka. Bangi haimuui mtu kwa kuzidi kama unga unavyomuua, ila kwa baadhi ya vijana, hasa walioanza wadogo, huamsha maradhi ya akili: anasikia sauti, anadhani chakula kimetiwa sumu. Huyo anahitaji hospitali ya akili, kipigo hakimsaidii. Mirungi hukeshesha watu, hukausha kinywa, hufunga choo, na siku inayofuata humwacha mtu mnyonge na mwenye hasira. Mwili hauumwi arosto kubwa. Kinachoharibika ni usingizi, pesa na nyumba.

Kumpeleka

Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu watu wa unga, ya Unguja ilifunguliwa mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu, na Kidongo Chekundu kila mtu anajua ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama alikataa kata kata. "Mwanangu si mwendawazimu." Nilichomwambia ni kuwa mlango si ugonjwa, na kwamba choo cha jirani tumeshakiona.

Methadoni ni ya watu wa unga tu, haimtibu mlevi wala mvuta bangi. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya nesi, huanzwa kidogo na kupandishwa, na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo mtu hapandi na stimu wala hashuki na arosto. Mtaani wanasema ni unga wa serikali. Wasemao hivyo hawajamwona mdogo wangu akirudi saa 4 asubuhi, anashika nyundo, anafanya kazi ya seremala hadi Magharibi. Ni safari ya miaka, na akichanganya na valiamu au pombe itamuua vile vile. Nauli usimpe mkononi miezi ya mwanzo. Panda naye daladala.

Kuna pia nyumba za nafuu, tunazoziita soba, ambako huacha kila kitu na kufuata hatua 12 za kuacha ulevi pamoja na wenzake waliopitia huko huko. Kabla hujalipa, ingia ndani utazame: nani anampima afya siku za mwanzo, wanafanya nini mtu akipata kifafa, kuna mtu amefungwa mnyororo? Ukiona mnyororo, rudi na mgonjwa wako.

Atarudi nyuma. Wengi hurudi, na siku hiyo ulimi wako utataka kusema "kwa nini". Toa karatasi, andika tarehe, muulize yale manne, kisha mwende kliniki. Karatasi yetu ina mistari mitano, na wa mwisho ni wa mwaka juzi.