SOMO: Kuprinti ramani ya picha ya satelaiti ikatoka na skeli inayoaminika

Wakuu, heshima kwenu.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Wiki haipiti bila mtu kunisukumia simu mezani yenye skrinishoti ya shamba iliyozunguka magrupu ya WhatsApp, anataka nimtolee A3 apeleke kwenye kikao cha kijiji. Picha imeinama, haina skeli, haijulikani ya mwaka gani, na ukiikuza michikichi yote inageuka ukungu wa kijani. Ikitoka mbaya, lawama ni za printa yangu. Nimechoka kueleza mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Unahitaji kompyuta na programu ya Google Earth Pro. Ile ya simu ni ya kutazamia, kwa kazi hii iache.

1. Pakua, sakinisha, fungua. Ni bure tangu 2015, anayekuuzia "leseni" anakuibia.

2. Nenda kwenye eneo lako. Majina ya vijiji yasikudanganye, mengine hayamo na mengine yamekaa juu ya kijiji cha jirani. Ukiwa shambani, chukua koordineti kwa simu, kisha ziandike kwenye kisanduku cha kutafutia: ya kusini kwanza, ya mashariki baadaye. Kigoma mjini ni kama -4.88, 29.63. Hiyo alama ya kutoa mbele ya 4 si uchafu wa skrini.

3. Chagua picha. Bofya alama ya saa juu, itatokea reli ya miaka, irudishe nyuma na mbele. Picha mpya kuliko zote si lazima iwe bora. Kwetu huku za masika zimejaa mawingu, na za mwishoni mwa kiangazi zina moshi wa mapori yanayochomwa. Mimi hupenda za Mei na Juni, mvua imekata na moto bado. Tarehe ya picha imeandikwa chini ya skrini. Iandike kwenye karatasi sasa hivi, kabla hujaendelea.

4. Chora mpaka kwa zana ya poligoni (umbo la pande nyingi). Ujazo, yaani rangi ya ndani, uweke sifuri, ubaki mstari tu, la sivyo utafunika shamba lenyewe.

5. Nyoosha picha. Hapa ndipo karatasi za watu zinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Ukisogeza karibu, programu yenyewe huinamisha kamera kidogo ili vilima vionekane vizuri. Kwa macho inapendeza, kwa vipimo ni balaa: sehemu iliyo chini ya picha inakuwa kubwa, ya juu inabanwa, na skeli inakuwa ya kweli mahali pamoja tu. Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kutoka upande wa Uvinza walileta ramani ya namna hiyo, wamepanga umbali wa mizinga kwa rula kabisa. Mizinga ya upande wa juu ilikuwa mbali sana kuliko walivyodhani. Dawa yake: bonyeza herufi R kwenye kibodi. Kamera itatazama chini wima na kaskazini itakaa juu. Kisha ondoa tiki kwenye safu ya Terrain upande wa kushoto ili ardhi ilale bapa. Ukigusa tena gurudumu la mausi, bonyeza R tena. Ukitaka kupumzika na hilo, ingia Tools, Options, Navigation, uizuie isiiname yenyewe unaposogeza.

Bado hujamaliza. Chora mstari mmoja pembeni ya shamba wenye urefu unaoujua, tuseme mita 500 kamili. Huo ndio shahidi wako. Ramani ikishatoka kwenye printa, weka rula juu yake. Ukisoma sentimita 10, skeli ni 1:5,000, yaani sentimita moja ni mita 50. Ukisoma 9.4, basi printa imepunguza picha ili iingie kwenye ukurasa, na hesabu inabadilika.

Na hapo kuna onyo. Usiandike "1:5,000" kwenye picha kabla ya kuprinti. Namba haijui kwamba karatasi imepunguzwa. Mstari wa skeli unapungua pamoja na picha, kwa hiyo unabaki mkweli hata mtu akitoa fotokopi ya A3 kuwa A4. Namba itaendelea kudanganya kikao kizima.

6. File, Save, Save Image. Kwenye Map Options weka tiki kwenye kichwa, skeli na dira. Kwenye kichwa andika jina la kijiji na ile tarehe ya picha. Chagua azimio (resolution) kubwa kuliko yote yaliyopo, subiri picha itulie na kung'aa (bando likiwa dogo, nenda kanywe chai), ndipo uhifadhi. Maandishi ya Google na ya mwenye picha yaliyo chini usiyakate, ndiyo masharti ya kuitumia.

7. Ilete kwa flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inakamuliwa, na kazi yote ya hatua ya 6 imekwenda na maji.

Maswali karibuni.

---

chuma_cha_reli: Mkuu hii inaonyesha live? Nataka kuona nani anaingiza ng'ombe kwenye mahindi yangu.

Mwenye uzi: Hatua ya 3 inasema picha ina tarehe. Kitu chenye tarehe ya mwaka jana kitakuonyeshaje ng'ombe wa leo?

chuma_cha_reli: Sawa mkuu, nimeuliza tu.

Dagaa Mkavu: Naomba unitolee ya kwangu, nitumie inbox. Niko Kibirizi.

Mwenye uzi: Hapana. Uzi mzima nimeandika ili usiniombe hivyo.

mama_asali: Habari kaka. Niko Tabora, nimeandika 32.8, -5.0 nikapelekwa kwenye milima nisiyoijua, majina ya Kiarabu na Kifaransa. Programu mbovu au mimi?

Mwenye uzi: Nzuri dada. Programu nzima. Umeanza na ya mashariki, kwa hiyo imekupeleka nyuzi 32.8 kaskazini na 5 magharibi, nayo ni Morocco. Geuza: -5.0, 32.8. Na ukisahau alama ya kutoa utaangukia Sudan Kusini, huko nimewapokea wengi.

mama_asali: Asante sana, nimefika, bwawa la Igombe naliona na maji yake! Sasa swali: kijana wa GPS alinipa namba ndefu ndefu, si hizi za nukta. Laki nne na ushee, halafu milioni tisa na ushee.

Mwenye uzi: Hizo ni UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kuhesabu kwa mita. Nenda Tools, Options, 3D View, badilisha uonyeshaji kuwa UTM. Mkoa wote wa Tabora uko kanda ya 36 Kusini, hapo huna wasiwasi. Wenye kazi ni sisi wa Kigoma, maana mstari wa nyuzi 30 mashariki unaukata mkoa wetu. Kigoma mjini na Ujiji ni kanda ya 35, Kasulu na Kibondo ni 36. Namba ya mashariki ya Kigoma mjini itakuwa laki saba na ushee, ya Kasulu laki moja na ushee, ingawa miji hii haiko mbalimbali hivyo. Mtu akikupa namba bila kutaja kanda, mrudishie.

Mpima Mstaafu: Mnapotosha wananchi. Mpaka wa ardhi unapimwa na mpima aliyesajiliwa, si picha ya Google. Kesho mtaleta makaratasi haya baraza la ardhi.

Mwenye uzi: Mzee shikamoo. Nionyeshe mstari nilioandika kwamba huu ni upimaji. Nimeandika ramani ya kupeleka kwenye kikao. Kikao cha kijiji kinahitaji kitu cha kunyooshea kidole: hapa kisima, hapa njia ya mifugo, hapa msitu wa akiba. Anayetaka hati ya hakimiliki ya kimila ana utaratibu wake kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na hii karatasi haiingii pale.

Mpima Mstaafu: Marahaba. Basi waambie pia picha yenyewe yaweza kuwa imesogea mita kadhaa. Na wasiilinganishe na zile ramani za zamani za 1:50,000 bila kubadilisha datumu, yaani msingi wa kuhesabia koordineti. Zile ni Arc 1960, hii ni WGS84. Zinatofautiana mamia ya mita.

Mwenye uzi: Hilo kubwa, mzee, asante. Wakuu mmesikia. Watu wamegombana na jirani kwa sababu hiyo tu.

kahawa_ya_Kalinzi: Mkuu, nimepima shamba langu kwa kamba, halafu nikapima kwa rula ya programu. Kamba inanipa kubwa zaidi kila mara. Shamba limelala mlimani. Nani mwongo?

Mwenye uzi: Swali zuri kuliko yote humu. Hakuna mwongo. Kamba inafuata mteremko, ramani inatazama kutoka juu, inaona ule upana wa bapa tu. Mteremko wa nyuzi 20, kamba ya mita 100 kwenye ramani ni kama mita 94. Wapima nao huandika umbali wa bapa, kwa hiyo ukija kupimiwa usishangae ekari zikipungua. Ukitaka ekari, chora poligoni kwenye rula, chagua kizio cha ekari. Ekari ni kama mita za mraba 4,047, ndiyo ile hatua 70 kwa 70 ya wazee wetu, ukiwa na miguu ya wastani.

kahawa_ya_Kalinzi: Miguu yangu mirefu, ndiyo maana nimekuwa nikilipa vibarua pungufu, hahaha.

chuma_cha_reli: Mkuu, kuna picha za karibuni zaidi basi? Hata za mwezi huu.

Mwenye uzi: Hapo umeuliza vizuri. Fungua tovuti ya Copernicus Browser, utafute picha za satelaiti za Sentinel-2. Ni bure, eneo moja hupigwa kila baada ya siku tano hivi. Lakini pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Utaona moto umefika wapi na shamba limelimwa au bado. Ng'ombe hutamwona.

Binti Ujiji: Kaka, kikao chetu kina watu wengi, A3 haionekani nyuma. A0 hapa mjini wanaitoza bei ya ajabu.

Mwenye uzi: Nenda kwa wale wanaotengeneza mabango ya turubai ya harusi na kampeni. Wape faili yenye azimio kubwa, waambie wasivute upande mmoja ili kujaza nafasi, pande zote zikue sawa. Haichaniki, haiogopi mvua, inafungwa kwenye mwembe.

Mpima Mstaafu: Na wakifika wapime ule mstari wa mita 500 kwa futi kamba, mbele ya mwenye duka, kabla hawajalipa.

mama_asali: Sisi tulilamineti A3 nne tukaziunga kwa selotepu. Tunachorea mizinga kwa maka peni ya kudumu, msimu ukibadilika tunafuta kwa pamba yenye spiriti.

Binti Ujiji: Spiriti haifuti na rangi ya ramani?

mama_asali: Rangi iko chini ya plastiki, haiguswi. Ila pembeni ziba vizuri, ikiingia kwenye karatasi wino unatembea.