SOMO: Bustani ya mboga nyumbani Dodoma mwaka mzima, na kwa nini majani yanaungua kingo

Tangu Agosti nimeulizwa swali moja mpaka nimechoka kulijibu: "Mama, namwagilia kila siku, mbona mboga zinakauka?" Leo naliandika lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nalima nyuma ya nyumba, Nkuhungu. Nina matuta sita, kila moja mita 1 kwa mita 3, na vipimo vyote hapa chini ni vya tuta la ukubwa huo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Baada ya hapo ni jua na upepo.

1. Mahali. Chagua penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana. Kaa mbali na mizizi ya miti mikubwa.

2. Tuta. Usiliinue, lizamishe. Chimba sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi, na udongo unaotoa uufanye ukingo pande zote. Halafu vunja sakafu ya tuta kwa sururu, sentimita 30 nyingine. Udongo wetu mwekundu una tabaka gumu huko chini, na mzizi ukilikuta unageuka na kutambaa kando. Upande wa chini wa mteremko acha mlango mdogo unaoweza kuzibwa kwa udongo. Kazi yake utaiona masika.

3. Samadi. Ndoo mbili za lita 20, iliyooza. Ikiwa bado ina joto au inanuka zizi, irundike kivulini, ilowanishe na kuigeuza kila wiki kwa miezi miwili au mitatu.

4. Kitalu. Kichanja cha nyasi juu, maji asubuhi, na miche ihamishwe jioni ikiwa na wiki nne.

5. Maji. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Mwaka wangu wa pili niliruhusiwa kuchota maji ya kisima kirefu cha jirani bila malipo. Nilifurahi sana. Kila jioni nilimwaga kidogo kidogo, udongo ubadilike rangi tu, nikahamia tuta linalofuata. Baada ya miezi miwili karoti zilidumaa, na maharage yakaanza kuungua kingo za majani kama yamepitishwa motoni. Nikadhani yana njaa. Nikaongeza samadi, nikanyunyiza na urea, na wiki iliyofuata maharage yote yalikuwa yamelala. Bwana shamba alipokuja hakuangalia majani kwanza. Alikwangua ule ukoko mweupe juu ya udongo, akaugusisha ulimini, akaniambia nionje na mimi. Ilikuwa chumvi. Kisha akachimba kwa mkono, na unyevu ukaishia kwenye kina cha vidole vinne. Mizizi yote ilikuwa imelala hapo hapo, ndani ya chumvi.

Fanya hesabu. Maji yakiwa na gramu moja tu ya chumvi kwa lita, hutaisikia sana mdomoni. Lakini dumu moja la lita 20 kila siku ni gramu 20. Siku mia moja ni kilo mbili za chumvi kwenye tuta la mita 3. Jua linachukua maji na kuiacha chumvi palepale. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi ya aina yake, na samadi pia ina chumvi, ndiyo maana dawa yangu ilikuwa sumu. Mmea unakufa kiu huku udongo umelowa.

Kwa hiyo:

Mwagilia kwa kina, kisha acha siku zipite. Juni hadi Agosti, madumu mawili kila baada ya siku tatu. Septemba hadi Novemba, madumu mawili siku moja ndiyo, moja hapana. Kidole cha shahada kikizama chote na kukuta unyevu, subiri.

Kama maji yako ni ya kisima, kila mara ya tatu ongeza dumu la tatu. Hilo si la mmea kunywa. Linaisukuma chumvi chini ya mizizi. Ukiweza, dumu hilo liwe la maji ya mvua au ya bomba.

Usimwagie majani maji ya chumvi mchana. Tone likikauka, chumvi inabaki juu ya jani na kuliunguza.

Ukiona kingo zimeungua, usiweke mbolea yoyote kabla ya kuchimba na kutazama.

Tuta likishaharibika, lipumzishe mpaka masika na ufungue ule mlango, mvua iingie, izame, na ya ziada iondoke. Mimi matuta yangu yaliponea hivyo, na Mei iliyofuata nilipanda tena.

6. Matandazo. Nyasi kavu unene wa vidole vinne, zisiguse shina.

7. Upepo na kivuli. Upepo wetu mkali hutoka mashariki. Simamisha uzio wa mabua ya mtama upande huo. Kuanzia Septemba weka kivuli chepesi juu pia, neti au mabua yaliyoachana.

8. Kalenda. Wengi hudhani msimu wa mboga ni masika. Kwa mlenda, mchicha, kunde, bamia na majani ya maboga ni kweli, Desemba hadi Aprili vinajiendea, na wakati huo mlango wa tuta ukae wazi mvua kubwa ikija. Nyanya masika itakusumbua kwa bakajani, ugonjwa wa madoa unaokausha majani. Msimu wake mzuri ni kipupwe: sia mbegu katikati ya Aprili, hamisha Mei, na vuna kabla joto halijarudi. Sukuma wiki, chainizi, kabichi, karoti na vitunguu ni hivyo hivyo. Oktoba na Novemba punguza. Joto linapita nyuzi 30, maua ya nyanya yanadondoka bila kushika tunda, na utitiri mwekundu unazaliana vibaya mno. Mimi miezi hiyo nabaki na bamia, ngogwe (nyanya chungu), kunde na spinachi chini ya kivuli, na matuta matatu nayaacha bila kupanda kitu. Mvua ya kwanza ya Novemba isikuharakishe kupanda, mara nyingi inanyesha siku mbili na kupotea wiki tatu.

MASWALI

Kijana wa Ipagala: Mkuu, nataka kupanda nyanya mwezi huu wa kumi, nitumie dawa gani zisidondoshe maua?

Mwandishi: Soma hatua ya nane. Hakuna dawa ya Oktoba.

Mama Rehema: Shikamoo mama. Somo zuri. Nimwagilie mara ngapi kwa siku?

Mwandishi: Marahaba. Hatua ya tano mwanangu, hesabu ni ya siku, si ya mara kwa siku.

Mdau wa Kongwa: Mimi nimesoma sehemu nyingi kwamba tuta linainuliwa ili mizizi ipumue. Wewe unatwambia tuchimbe mashimo. Hayo ni mambo ya zamani.

Mwandishi: Tuta la kuinua ni zuri Lushoto, Bukoba, mahali ambapo maji ni mengi na shida ni kuyaondoa. Hapa shida ni kuyashika. Tuta lililoinuka linapigwa na jua na upepo pande tatu, na kwa mwenye maji ya kisima kuna ubaya wa pili: maji hupanda kuelekea sehemu ya juu inayokauka, chumvi inapanda nayo na kukusanyika kileleni, pale pale ulipopanda. Kwangu chumvi inaenda ukingoni, ambako sijapanda kitu. Na kuhusu zamani, hapa hapa wilayani kuna mashimo ya kijiji cha Chololo, ya kupandia mtama na uwele. Ni vishimo vidogo vinavyokusanya maji na samadi mahali pamoja, na vinabeba mavuno mwaka ambao shamba la kawaida linakauka. Njoo na tuta lako la kuinua mwezi wa kumi tulinganishe.

Mdau wa Kongwa: Hoja ya chumvi sikuijua. Nimekuelewa.

Binti Chamwino: Shikamoo mama. Nitajuaje maji yangu yana chumvi kabla sijaharibu? Kipimo sina. Na kama yana chumvi, nipande nini?

Mwandishi: Marahaba binti, hili ndilo swali nililokuwa nasubiri. Chukua mfuniko mweusi wa ndoo. Upande mmoja weka vijiko vitatu vya maji ya kisima, upande wa pili vijiko vitatu vya maji ya mvua au ya dukani. Uache juani mpaka vikauke. Maji safi hayaachi kitu, au huacha alama hafifu tu. Ya chumvi yanaacha duara jeupe, na likiwa nene linalokwanguka kwa kucha, yachukulie kwa tahadhari. Si kipimo cha maabara, lakini linganisha visima viwili vya mtaani kwako utaona tofauti. Kuhusu mazao, yanayoshindwa haraka ni maharage, karoti na vitunguu. Nyanya na kabichi zipo katikati. Inayovumilia vizuri ni spinachi yetu ya majani mapana, ambayo ni ndugu wa bitiruti, na bitiruti yenyewe. Lakini zote ni laini zikiwa changa. Kitalu mwagilia maji mazuri hata kama ni ya kununua, ni kikombe tu kwa siku. Mche ukishashika ndipo uuonyeshe kisima.

Binti Chamwino: Asante sana mama. Leo naenda kujaribu visima vitatu.

Mwandishi: Ulete majibu.

Fundi Bomba: Maji ya kuoshea vyombo je?

Mwandishi: Mpapai, mgomba, mlonge. Sio mboga za majani. Sabuni ina sodiamu na inafunga udongo usipitishe maji. Na usimwage kila siku mti uleule.

Mwana wa Makueni: Hujambo mama, niko Ukambani, Kenya. Huku tuna mvua mbili. Nifuate kalenda yako?

Mwandishi: Sijambo mwanangu. Hapana, kalenda usiichukue, chukua hatua ya pili hadi ya saba. Ninyi mna Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, na hiyo ya pili ndiyo wakulima wa kwenu huitegemea zaidi. Kwa hiyo Oktoba, mimi ninapopunguza matuta, wewe uwe umeshachimba na kuweka samadi. Mboga za baridi ziweke Juni hadi Agosti kama mimi, kwa maji ya kuchota.

Bi Zuwena, Muscat: Assalaam alaykum. Mie huku kalenda yetu kinyume kabisa. Mwezi wa sita na wa saba joto linapita nyuzi 40, hata mchicha unalia. Tunapanda Oktoba mpaka Machi. Lakini chumvi, dada yangu, ni ile ile! Maji ya kisima karibu na pwani yamekuwa ya chumvi mpaka watu wameacha mashamba. Nami nimefanya tuta la kuzama chini ya mtende, kivuli chake chepesi kinanifaa.

Mwandishi: Waalaykum salaam dada. Nimefurahi kusikia. Kivuli cha mtende ndicho ninachokitafuta kwa mabua. Na mtende wenyewe unavumilia chumvi kuliko karibu kila mti wa matunda, kwa hiyo uko mahali pazuri. Unaweka nini pale chini?

Bi Zuwena, Muscat: Bamia, giligilani, na mchicha wa mbegu nilizoletewa kutoka Pemba.

Baba Juni: Hayo matandazo mimi niliweka, mchwa wakaja wakamaliza nyasi wakahamia pilipili. Sirudii tena.

Mwandishi: Uliweka yakagusa shina, na udongo chini ulikuwa mkavu?

Baba Juni: Ndiyo. Nilidhani matandazo yanatosha bila maji.

Mwandishi: Mwagilia kwanza, ndipo utandaze. Acha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Mchwa wanapenda kitu kilichokauka, mmea wenye maji ya kutosha mara nyingi wanauacha. Mimi naweka pia rundo la mabua mabovu mita tano kutoka bustanini. Wanashughulika huko.

Kijana wa Ipagala: Samahani mama, nimesoma hatua ya nane sasa. Kwa hiyo mbegu za nyanya nilizonunua nizitupe?

Mwandishi: Usitupe hata moja. Zifunge kwenye karatasi, ziweke ndani ya chupa yenye majivu makavu, mahali pa baridi, mpaka Aprili. Mwezi huu chimba matuta na uanze kuozesha samadi. Ukifika Aprili utakuwa mbele ya wote waliokuuliza mbona huna kitu bustanini. Na Novemba ukikwama njoo uniulize.

Mama Rehema: Mama, na mlenda wa kukausha? Bibi alikuwa na mtungi mzima mpaka Novemba, mie wangu unakuwa mweusi na kunuka.

Mwandishi: Unauanika juani moja kwa moja?

Mama Rehema: Ndiyo, juu ya bati.

Mwandishi: Bati linaupika nje, ndani unabaki na unyevu. Chuma Machi ukiwa mchanga, asubuhi umande ukishakauka. Tandaza mkekani kivulini penye upepo, tabaka moja jembamba, geuza mchana na jioni, usiku uingize ndani. Siku tatu au nne jani linavunjika kwa vidole. Hapo ndipo usage au uweke mzima. Majani ya kunde yachovye kwanza maji yanayochemka, dakika mbili tu, ndipo uanike.

Mama Rehema: Mtungi au ndoo ya plastiki?

Mwandishi: Vyote vinafaa kama ni vikavu na vina mfuniko. Uwe unaufungua kila mwezi kuunusa.