Kupima kontua kwa fremu A kabla ya kuchimba fanya juu

Kila kiangazi maafisa wa chama chetu cha hifadhi ya udongo na maji hapa Kondoa huulizwa jinsi ya kupima kontua, yaani mstari unaokata mteremko ukibaki kwenye usawa uleule, kabla ya kuchimba fanya juu, mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu ukawa tuta. Naandika hatua zote hapa ili kila kikundi kipime chenyewe, na afisa akifika shambani akague mistari iliyokwisha kuwekewa mambo (vigingi).

1. Funga miti miwili iliyonyooka, ya mita 2 hivi, kwa umbo la herufi A, kisha kaza mti wa tatu ukiikingama katikati.

2. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni, ipite mbele ya mti wa kati.

3. Tafuta alama ya usawa. Simamisha fremu, weka alama ardhini penye kila mguu, subiri kamba itulie, kisha chora mstari mahali inapogusa mti wa kati. Igeuze fremu, mguu wa kushoto ukae pale pale uliposimama wa kulia, uchore tena. Usawa ni katikati ya mistari hiyo miwili, hata kama miguu haikulingana. Wengi huchora mara moja tu wakaanza kupima, na hapo ndipo hasara huanzia: mtaro huinama upande mmoja, maji hukusanyika huko, tuta hupasuka, na mkondo mmoja hubomoa matuta yote ya chini hadi kuacha korongo. Usipime wakati wa upepo. Fungo likilegea, rudia hatua hii.

4. Anzia juu ya shamba, ukiweka mambo kila mguu unapotua kamba ikiwa kwenye alama. Usikanyagishe fremu jiwe wala shimo.

5. Chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 60, udongo ukirushwa upande wa juu, ukiacha ukingo ili usirudi mtaroni.

6. Panda mabingobingo (majani marefu ya malisho) juu ya tuta mvua zinapoanza.

MASWALI YA WANACHAMA

— Bwana shamba, sisi tumepima kwa macho na mtaro tumeshachimba. Kuna tatizo?
Lipo. Rudini hatua ya 3, mpime upya kabla ya mvua.

— Alama ya usawa si inatosha kuchorwa mara moja tu?
Haitoshi. Sababu imeandikwa hapo juu.

— Shikamoo. Kwa nini tuhangaike kurusha udongo juu wakati kuutupa chini ni rahisi?
Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo la msingi. Tuta likiwa juu ya mtaro, udongo unaosombwa na mvua hunaswa hapo kabla ya kuufikia mtaro, na mwaka hata mwaka ardhi iliyo kati ya matuta husawazika yenyewe ikawa ngazi. Ukiutupa chini, udongo huo hujaza mtaro kwanza, nawe utauzoa kila msimu. Mahali penye mawe na udongo mfupi, hata hivyo, usichimbe. Panga mawe kufuata kontua.

— Mtaroni panafaa kupandwa kitu?
Panafaa sana, kwa kuwa unyevu hukaa huko muda mrefu. Jaribu mipapai au migomba, ukiweka samadi shimoni.

— Na mbuzi, baada ya mavuno?
Wafungiwe, mkate majani muwapelekee zizini. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulioanza mwaka 1973, ulifikia kuondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka hapa Kondoa mwaka 1979, na uoto ukarudi. Tuta changa lisilo na nyasi hubomoka kwa kwato haraka kuliko kwa mvua.