Saa haijai ufunguo? Vidole vyako vitakwambia shida iko wapi kabla fundi hajaifungua

Marehemu mzee wangu aliniachia Seiko 5 ya chuma, aliivaa kazini bandarini miaka na miaka, na mwaka jana ikaanza kunisumbua, naivua saa nne usiku naiweka mezani, naamka asubuhi naikuta imesimama tangu saa tisa na nusu usiku. Naitikisa inaamka, kesho vilevile. Katika kuihangaikia nimejifunza mambo ambayo naona watu wengi hapa Dar hawayajui, matokeo yake wanaharibu saa nzuri za urithi kwa kulazimisha kifungo, kile kidude cha pembeni cha kuzungusha, au wanampa fundi na kuitikia chochote atakachosema. Kwaiyo naandika ninayoyajua, na we chukua saa yako uishike mkononi wakati unasoma.

Kwanza ujue ni saa ya aina gani. Angalia mshale wa sekunde, ukiruka mara moja kila sekunde halafu unatulia, hiyo kwa kawaida ni ya betri, haina ufunguo wa kutia. Ukienda kama unateleza, kwa kawaida ni ya springi. Na za springi ziko za aina mbili, kuna za kutia ufunguo kwa mkono kila siku, mfano HMT Janata ya India, na kuna otomatiki ambazo ndani zina rota, kipande cha chuma kizito chenye umbo la nusu duara, ukitembea mkono unacheza na rota inazunguka inaijaza springi yenyewe.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Mtu ana Seiko 5, anazungusha kifungo mara hamsini, hasikii kitu, anasema saa imekufa ufunguo. Geuza saa usome namba ya modeli kwenye mfuniko wa nyuma, herufi na tarakimu nne za mwanzo ndo jina la mashine. Ikiwa 7S26, mashine iliyotoka mwaka 1996, ile haitiwi ufunguo kwa kifungo kabisa, haikutengenezwa hivyo, ukizungusha kifungo kikiwa ndani hakifanyi chochote na huo si ugonjwa. Yenyewe unaishika kioo kikiwa juu unaipeleka kushoto kulia taratibu kama nusu dakika, inaanza kutembea, afu unaivaa inajijaza. Zilizokuja baadaye za 4R36 zinakubali vyote viwili, kifungo na rota. Nimeona mtu Kariakoo analipia matengenezo ya ufunguo wa 7S26, iliniuma kweli.

Jambo lingine dogo kabla ya kulaumu saa: saa nyingi za kuzamia zina kifungo cha kufunga kama skrubu. Hizo lazima ukifungue kwanza kwa kukizungusha kuelekea kwako mpaka kiruke nje kidogo, ndipo utie ufunguo, na ukimaliza ukisukume ndani na kukifunga tena, usipokifunga maji yataingia siku ukienda Coco Beach.

Haya, tuje kwenye vidole. Kaa sehemu tulivu, zima feni maana utahitaji masikio, ivue saa mkononi. Usitie ufunguo ikiwa imevaliwa, unakuwa unakivuta kifungo kwa upande na shafti yake, kile kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya saa, ni nyembamba kama sindano, inapinda. Shika kifungo kwa kidole gumba na cha shahada, zungusha mbele taratibu huku saa iko karibu na sikio. Saa ya kutia ufunguo kwa mkono ikiwa nzima inatoa mlio mdogo wa meno, krr krr krr, na kila ukizungusha unahisi inakuwa nzito kidogo, mpaka baada ya mizunguko kama 20 hadi 40 kutegemea mashine inakataa kabisa. Hapo imejaa, acha. Otomatiki haikatai hata siku moja, ncha ya nje ya springi yake haijafungwa moja kwa moja ukutani mwa kikopo inamokaa, ikijaa inateleza, kwaiyo usisubiri igome.

Sasa linganisha na unachohisi.

Kifungo kinazunguka laini kabisa, hakuna mlio, hakuna uzito: kifungo hakijashikana na gia za ndani. Ama shafti imekatika, ama uzi wa kifungo umeliwa kinazunguka juu ya shafti peke yake. Jaribu kukivuta kama unataka kubadili majira, mishale ikigoma kuzunguka basi karibu hakika ni shafti au kifungo, na hayo ni matengenezo mepesi. Kikitoka chote mkononi usikirudishe kwa nguvu, kifunge kwenye karatasi ukiweke pamoja na saa, ni kidogo mno na kikipotea kupata kinachofanana ni kazi.

Mlio upo, krr krr, ila uzito hauji na saa ya kutia kwa mkono haifiki mwisho hata uzungushe mara mia: springi imekatika. Hii inatokea sana kwenye saa za zamani zenye springi za chuma cha kawaida, chuma kimechoka. Mara nyingine utahisi ilivyokatika, unazungusha tu ghafla kitu kinafyatuka ndani, paa, kifungo kinakuwa chepesi. Springi inabadilishwa, haiungwi. Fundi akikwambia ataiunga mwambie hapana.

Ukizungusha kifungo kinakubali, ukikiachia kinarudi nyuma chenyewe vidoleni kwa kasi: huo ni ulimi. Ndani kuna kiulimi cha chuma kinachoegemea kwenye gia ya meno, kazi yake kuruhusu gia iende mbele na kuizuia isirudi, na nyuma yake kuna kispringi chembamba kama unywele kinachousukuma. Ulimi ukivunjika au kispringi kikichomoka, nguvu yote uliyotia inarudi kwenye kifungo. Hapa simama hapohapo. Usirudie rudie kujaribu, kila ikifyatuka inapiga meno ya gia na kazi ndogo inageuka kubwa.

Kifungo kigumu tangu mwanzo, hakiendi hata nusu, na saa imesimama. Watu husema nimeijaza kupita kiasi. Hapana jamani, saa haifi kwa kujazwa sana. Springi imejaa ndiyo, lakini saa imesimama kwa sababu nguvu haipiti, mafuta yamekauka yakawa kama gundi, au kuna kutu. Na Dar kutu ni ugonjwa wetu, hewa ya bahari, jasho la daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mvua za masika, vyote vinaingilia hapo kwenye kifungo maana kampira kake ka kuzuia maji kakizeeka kanapasuka. Vuta kifungo taratibu uangalie ukingo wake, ukiona unga wa kahawia ujue ndani kuna kutu, peleka wiki hiyohiyo usisubiri mwisho wa mwezi.

Otomatiki ina moja yake, nayo ni hatari. Unatia ufunguo kwa kifungo halafu unahisi saa inatetemeka na kuvuma, vruuu, rota inazunguka kwa kasi ndani. Haitakiwi hivyo. Zile gia zinazoipokea rota zimekauka mafuta zimeshikana, kwaiyo kifungo kinaikokota rota. Acha kutia kwa kifungo, ivae tu kwa kutikisa mpaka ifike kwa fundi.

Ya mzee wangu haikuwa na hata moja kati ya hizo, ilikuwa inajaa kidogo kidogo na kuisha haraka, na hii ndo ngumu zaidi kuijua kwa sababu inaweza kuwa saa au inaweza kuwa we mwenyewe. Mtu anayekaa ofisini Posta kutwa nzima mkono uko kwenye kompyuta, rota inalala, springi haijai. Cha kufanya ni kutenganisha. Kama yako inakubali kifungo, tia mizunguko kama 60, iweke mezani usiiguse, andika muda kwenye simu. Saa nyingi zinatembea masaa 36 hadi 42 hivi. Ikifika huko, springi nzima, shida ni upande wa rota au ni kwamba hutembei vya kutosha. Ikiishia masaa 15 ilhali umeijaza mwenyewe, basi springi imechoka au uchafu unakula nguvu. Kwa 7S26 isiyokubali kifungo ivae siku nzima ya mizunguko, siku ya kwenda Kariakoo kwa miguu ukashuka mpaka Kivukoni, jioni uiweke mezani uhesabu. Yangu nilifanya hivyo na ikatoa masaa sita, sasa hapo si mimi tena. Pia nilisikia kitu, ukiigeuza polepole sikioni rota inakwaruza, kama mchanga kwenye sahani. Kumbe skrubu ya katikati ya rota ilikuwa imelegea, rota imeinama inasugua mfuniko, na kale kawiko kenye vidole viwili, kimoja kinavuta gia kingine kinasukuma ili ijae rota ikienda upande wowote, kalikuwa kamejaa mafuta meusi yaliyoganda.

Vitu vya kutofanya nyumbani. Usidondoshee mafuta ya cherehani wala ya nazi wala ile dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu. Mafuta ya saa ni tone la kuwekwa kwa ncha ya sindano, na kuna sehemu hayatakiwi kabisa. Yakifika kwenye ile springi ya unywele inayopumua, mizunguko yake inagandana na saa itakimbia mbele dakika nyingi kwa siku. Ikiingia maji usiizike kwenye mchele, mchele hautoi maji yaliyo ndani ya mashine, kutu inaanza palepale, wahi kwa fundi aifungue siku hiyohiyo. Na tarehe usiibadilishe kwa kifungo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, yaani mishale ikiwa kati ya 9 na 4 ya usiku, gia ya tarehe inakuwa imeshaumana na ukilazimisha unavunja jino. Peleka mishale kwenye 6 kwanza.

Ukienda kwa fundi, nenda na maneno. Usiseme "haifanyi kazi", sema "mlio upo ila haifiki mwisho" au "kifungo kinarudi nyuma", fundi anayejua atakuangalia tofauti. Omba afungue mbele yako. Akibadilisha kitu omba kile cha zamani, springi iliyokatika utaiona kwa macho. Muulize anaoshaje, kuna wanaotumbukiza mashine nzima kwenye petroli wanaikung'uta wanarudisha, saa inatembea vizuri wiki kadhaa kwa sababu uchafu umetoka, ila mafuta nayo yametoka, vyuma vinasagana vikavu. Kuosha kwa kweli ni kuifungua kipande kwa kipande na kutia mafuta upya. Na kubwa kuliko yote, mwambie kabisa kwamba hutaki mashine ya betri. Mjomba wangu aliacha saa yake ya kutia ufunguo kwa fundi mmoja, alirudishiwa inatembea safi, amefika nyumbani anaona sekunde inaruka, mashine yake ya asili imetolewa na hakuipata tena. Mpaka leo akiitaja sauti inabadilika.

Ukiirudisha nyumbani rudia kipimo kilekile, ijaze, iweke kioo juu, andika muda. Mzunguko wa pili iweke kifungo kikiwa chini, ikisimama mapema sana ukilinganisha na mara ya kwanza mrudishie fundi umwambie inachoka ikisimama wima. Ya mzee juzi niliivua Ijumaa saa tatu usiku, nikaikuta imesimama Jumapili saa sita na robo mchana.