Maswali ya mwendokasi, umbali na muda: tafuta kwanza kinacholingana

Fomula karibu kila mtu anaijua, umbali = mwendokasi × muda, hapo hakuna shida. Shida inakuja swali likiwa na vyombo viwili na maneno kibao, mtu anaanza kuzidisha namba yoyote anayoiona. Weka kalkuleta pembeni kwanza, jiulize hizi safari mbili zinalingana nini, umbali au muda?

Mfano. Lori limetoka saa 2 asubuhi, linaenda km 60 kwa saa. Pikipiki inatoka palepale saa 3, njia hiyohiyo, km 80 kwa saa, italikuta lori saa ngapi? Pale inapolikuta, vyote viwili vimeshatembea umbali uleule, ndo ufunguo wa swali huo. Chora kijedwali cha mistari miwili, mwendokasi, muda, umbali. Muda wa lori uite t, wa pikipiki unakuwa t − 1 (wengi wanaandika t + 1 kisa imechelewa, lakini aliyechelewa kutoka si ndo ametembea muda mfupi?). Umbali wa lori ni 60t, wa pikipiki ni 80(t − 1), sawazisha:

60t = 80(t − 1)
60t = 80t − 80
20t = 80
t = 4

Usiandike 4 ukaondoka, umeulizwa saa ngapi! Saa 2 jumlisha masaa 4, ni saa 6 mchana. Hakiki: 60 × 4 = 240, 80 × 3 = 240, freshi.

Vikitoka pande mbili kuja kukutana, we jumlisha tu, umbali wa kwanza + umbali wa pili = umbali wote.

Dakika nazo, saa 1 na dakika 20 sio 1.2 jamani, dakika unagawanya kwa 60, kwahiyo ni saa 1⅓.

Halafu kuna ule mtego wa wastani. Umeenda kwa km 60 kwa saa umerudi kwa 40, wastani sio 50. Umbali hawajakupa? Jiwekee wowote, 120 inagawanyika vizuri: kwenda masaa 2, kurudi masaa 3, jumla km 240 kwa masaa 5, wastani 48. Unashuka chini ya 50 sababu muda mwingi umetumika kwenye ule mwendo wa taratibu, na hata ukiweka 240 badala ya 120 jibu halibadiliki.