Namna ya kumtazama Velázquez kwa jicho la fundi cherehani

Nina cherehani yangu Lavapiés, hapa Madrid, na wageni wangu wakija kutoka Tanga lazima niwapeleke Prado, jumba la makumbusho lenye picha za Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania wa karne ya kumi na saba. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Nilimkimbiza vyumba vyote kwa saa mbili, akatoka miguu inamuuma na hakumbuki hata picha moja. Kosa langu. Siku hizi nafanya hivi.

Nenda jioni. Jumatatu hadi Jumamosi kuingia ni bure kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Jumapili, saa kumi na moja hadi saa moja. Wahi foleni. Simu ikae mfukoni, kupiga picha ni marufuku. Kisha nyoosha mpaka chumba namba 12.

Pale ipo Las Meninas, picha ya Velázquez ya mwaka 1656, zaidi ya mita tatu kwenda juu. Usiikimbilie. Simama mbali kabisa, umtazame yule mtoto wa katikati, binti mfalme Margarita, miaka mitano, sketi imetanuliwa kwa pete za ndani mpaka mtoto kawa kama kengele. Chagua mkono mmoja wa gauni. Unaona lesi, unaona hariri. Sasa sogea polepole, macho palepale. Kuna hatua ambapo lesi inakukimbia: yamebaki madoa na michirizi, mingine kapiga brashi mara moja akaiacha. Rudi nyuma hatua tatu, lesi hiyo hapo tena. Mimi lesi naishona kwa kuhesabu matundu, na siku ya kwanza nilikwenda na kurudi hivyo mpaka nikaona haya.

Ukishalizoea, mtafute malkia Mariana aliyevaa gauni jeusi lenye mapambo ya fedha. Fundi yeyote anajua cheusi kinavyotesa, taa ikiwa hafifu hata mshono wako mwenyewe huuoni. Hesabu vyeusi vingapi vimo kwenye gauni lile. Mimi huishia vinne.

Kwenye picha za mfalme Felipe wa Nne, baba wa Margarita, angalia shingo. Mwaka 1623 alipiga marufuku zile kola kubwa za marinda zilizokunywa wanga, ikaja kola bapa iliyokazwa kwa kadibodi. Madobi wa wanga sijui walikula wapi. Mwaka huohuo Velázquez, kijana wa Sevilla mwenye miaka 24, ndipo alipoajiriwa kuwa mchoraji wa mfalme.

Rudi Las Meninas. Mchoraji mwenyewe kasimama kushoto na brashi mkononi. Mtazame kiunoni, ana funguo. Tangu 1652 alikuwa msimamizi wa vyumba vya kasri: samani, mapambo, malazi ya mfalme akisafiri. Kazi hiyo ilimla muda wa kuchora. Mwaka 1660 alikwenda mpakani na Ufaransa kuandaa mahali pa kumkabidhi binti mfalme María Teresa kwa mumewe, Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa. Aliporudi Madrid akaugua, akafa tarehe 6 Agosti. Na ule msalaba mwekundu kifuani ni wa heshima aliyoipata 1659, miaka mitatu baada ya picha. Kwa hiyo ulishonewa juu, nguo ikiwa imeshakwisha.

Kabla ya kutoka, uliza kama imetundikwa picha ya Mathayo Mtakatifu akiitwa, ya 1661. Hiyo si ya Velázquez. Ni ya Juan de Pareja, mtumwa wake na msaidizi wake wa kazi, aliyeandikiwa uhuru Roma mwaka 1650 kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Sura yake iliyochorwa na Velázquez ilishakwenda New York, lakini hapa kajichora mwenyewe. Tazama pembeni kabisa kushoto: mtu mweusi, nguo za kiungwana, karatasi mkononi yenye jina lake. Wenzake mezani wana shughuli zao na Yesu. Yeye anakutazama wewe.