Mkanda wa taimingi: zungusha kwa mkono kabla ya kuwasha

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kubadilisha mkanda wa taimingi kwenye gari la zamani, tafadhali usikimbilie ufunguo. Ukishafunga, acha betri ikiwa imechomolewa, toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, kisha zungusha krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa spana, taratibu, kwa upande ule ule injini inakozungukia, mizunguko 2 kamili. Hapo kamshafti (mhimili unaofungua valvu, unaozungushwa na mkanda huo) itakuwa imezunguka mara 1, na alama zote za kulinganisha zilizo kwenye gia na bloku lazima zirudi zilipokuwa. Zikipishana hata jino moja, fungua uanze upya. Ukihisi kitu kigumu kinagoma, simama hapo hapo: kwenye injini nyingi, mkanda ukikosewa, valvu (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) hugonga pistoni, na valvu zikipinda utafungua mpaka silinda hedi, sehemu ya juu ya injini zinapokaa.

Mimi huchora alama zangu za rangi nyeupe kwenye gia na kwenye bloku kabla sijalegeza chochote, maana zile za kiwandani mara nyingi zimezama kwenye grisi na kutu. Tenshona (kifaa cha kukaza mkanda) nayo weka mpya, na pampu ya maji pia kama inazungushwa na mkanda huo huo.